Mama Mjamzito Mwenye Ugonjwa wa Moyo: Hatari Haiishi Siku ya Kujifungua



Somo la robo hii linahusu jambo ambalo vikao vyetu vya Kasulu na Kibondo hulipita haraka.

Kuchoka, kuvimba miguu na kuhema ukipanda mlima na ndoo ya maji ni kawaida kwa mjamzito, na huku kwetu kwenye milima nani asiyehema? Ndiyo maana ugonjwa wa moyo hujificha. Usiku ndio huufichua. Mama anayeshindwa kulala chali, anayeamka akitafuta hewa au kukaa kitako ili apumue, anayekohoa damu, au ambaye moyo humwenda mbio akiwa ametulia, asiambiwe "ni mimba tu". Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Chanzo kimojawapo kikubwa ni homa ya baridi yabisi ya utotoni. Mtoto huugua koo, hapati tiba kamili, na miaka mingi baadaye milango ya moyo inakakamaa au kuvuja. Msichana anaweza asijue lolote mpaka abebe mimba. Hapo damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo ulioharibika huelemewa.

Mtoto akizaliwa, mji wa mimba hukaza na damu nyingi hurudi moyoni kwa ghafla. Maji yanaweza kujaa kwenye mapafu wakati ndugu wanapika uji na kupiga vigelegele. Siku 3 za kwanza mama huyu aangaliwe kwa karibu wodini, asiharakishwe nyumbani. Wapo pia ambao moyo hudhoofika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, ingawa hawakuwa na ugonjwa wowote kabla.

Hapa tukiri kosa letu. Bajeti zetu zilihesabu nauli ya kwenda kujifungua, tukafunga hesabu. Hatukuweka fedha ya msindikizaji, wala ya kurudi kliniki, wala ya kufuata sindano ya penisilini ambayo wengi wa wagonjwa hawa huhitaji kila wiki 3 au 4. Kutoka Kibondo hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ni zaidi ya kilomita 200, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam. Mama akijulikana mapema, kamati impangie mahali pa kukaa karibu na hospitali kabla ya uchungu. Kwa dharura, usafiri wa m-mama huitwa kwa namba 115.

Dawa asiziache mwenyewe. Baadhi humdhuru mtoto tumboni, lakini wa kuzibadilisha ni daktari.

Kuna neno ambalo sisi watu wa kanisa huona haya kulisema: kwa baadhi ya mama hawa, mimba nyingine ni hatari ya kifo. Mume aitwe kliniki pamoja na mkewe, waelezwe njia ya uzazi wa mpango inayomfaa, maana si kila njia inafaa kwa mgonjwa wa moyo.

Usharika wenye mama wa namna hii umtaarifu mratibu kabla ya kikao kijacho. Jina lake lisiandikwe kwenye taarifa ya usharika.