Kifundo Kisilale Ukingoni: Kijitabu cha Kaya kuhusu Matumizi ya Kipanya cha Kompyuta

Maumivu yanavyoanza

Maumivu ya mkono yatokanayo na kipanya cha kompyuta hukaa zaidi kwenye kifundo, pale saa inapovaliwa. Siku za mwanzo ni uchovu tu, na mtu akilala unaisha. Baadaye kidole gumba, cha shahada na cha kati vinaanza kufa ganzi au kuchomachoma. Usiku mgonjwa anaamka, anakung'uta mkono mpaka hali itulie, kisha analala tena. Wengi wanapofika kituo cha afya wamekwishakung'uta mkono hivyo kwa miezi, wakidhani wameulalia vibaya.

Wanaopatwa si makarani wa maofisini peke yao. Yumo binti wa steshenari anayejaza fomu za maombi ya vyuo na mikopo tangu asubuhi hadi magharibi. Yumo kijana anayekata picha za pasipoti, mwanachuo anayeandika ripoti yake kwenye meza ya chakula, mwenye duka anayefunga mahesabu usiku, na mtoto anayecheza gemu likizo nzima. Kompyuta ikiwa moja na foleni ndefu, kipanya hakipumziki, na mkono nao haupumziki.

Wengi wao wana tabia moja, na ndiyo iliyofanya kijitabu hiki kiandikwe: wakifanya kazi, kifundo kinalala kwenye ukingo wa meza.

Kifundo kisilale ukingoni

Mtu akikaa mbele ya kompyuta huanza vizuri. Baada ya muda bega linachoka, mkono unashuka, na uzito wote unatua kwenye kifundo. Ukingo wa meza, uwe wa mbao, kioo au chuma, unakandamiza upande wa ndani wa kifundo, ule unaoonyesha mishipa. Kiganja kimeinuka juu ya kipanya, kifundo kimekunjika, na kazi yote ya kusogeza kipanya kushoto na kulia inafanywa na kifundo hicho hicho kilichokandamizwa. Ni sawa na mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa: maji hayakatiki papo hapo, lakini hayafiki yanakotakiwa.

Anayetaka kujua kama ana tabia hii atazame mkono wake mwisho wa kazi. Mstari uliobonyea chini ya kiganja ni ushahidi. Sugu iliyoota upande wa kidole cha mwisho ni ushahidi mkubwa zaidi. Shati la mikono mirefu huchakaa hapo kwanza, na hata meza husema: vanishi imebanduka mahali pamoja tu, upana wa vidole vitatu, mbele ya kipanya.

Dawa yake haina gharama. Kipanya kisogezwe ndani ya meza, kiasi cha shibiri moja au zaidi kutoka ukingoni, ili kinachogusa meza kiwe nyama ya mkono, katikati ya kifundo na kiwiko. Kifundo kibaki kimenyooka, hakikunjiki kwenda juu wala chini, wala hakipindi kuelekea kidole cha mwisho. Kipanya kisukumwe kwa mkono mzima kuanzia kwenye kiwiko. Mwanzoni mshale utaruka hovyo na kazi itaonekana kuchelewa, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi ukingoni. Wasirudi.

Meza ikiwa nyembamba na mkono haupati nafasi ya kulala, kiwiko kikae karibu na ubavu na kifundo kielee juu ya meza bila kuigusa wakati kipanya kinasogezwa. Ukingo wenye makali ufungwe taulo au kipande cha kitenge kilichokunjwa.

Kuna vimto vya sponji vinavyouzwa kwa ajili ya kifundo. Sponji hupunguza ukali wa ukingo, haiondoi mgandamizo. Kimto ni cha kupumzishia mkono kazi ikisimama, kwa mfano mtumiaji anaposoma au anaposubiri ukurasa ufunguke. Mkono ukianza tena kusogeza kipanya, kifundo kinyanyuke. Aliyenunua kimto akaendelea kulaza kifundo siku nzima amenunua ukingo laini, basi.

Kiti kifupi, meza ndefu

Mara nyingi kifundo hulala ukingoni kwa sababu kiti ni kifupi kuliko meza inavyotaka. Kiti cha plastiki cha kawaida kikiwekwa kwenye meza ya chakula au kaunta ya duka, kiwiko hubaki chini ya usawa wa meza. Mkono hauna njia isipokuwa kupanda juu na kuning'inia kwa kifundo.

Kipimo ni hiki: mtu akae wima, mabega yamelegea, mikono imekunjwa kwenye viwiko. Kiwiko kiwe sawa na uso wa meza au juu yake kidogo. Kikiwa chini, mwili uinuliwe. Mto mgumu, blanketi lililokunjwa, au viti viwili vya plastiki vilivyopandanishwa hutosha, mradi miguu ya viti haijapasuka.

Mwili ukiinuliwa, nyayo zisining'inie. Tofali, kasha la soda lililogeuzwa, au rimu za karatasi huwekwa chini ya miguu. Rimu moja ya karatasi za A4, yenye karatasi 500, ina unene wa takriban sentimita 5; steshenari haikosi rimu mbili za kukanyagia, zikiwa bado ndani ya ganda lake.

Mtoto akitumia meza ya wakubwa tatizo huwa kubwa zaidi, maana meza inamfika kifuani. Akae juu ya mito, au meza fupi itafutwe.

Kompyuta mpakato isitumiwe kitandani kipanya kikiwa juu ya godoro. Godoro halina ukingo, ni kweli, lakini kifundo huzama na kukunjika vibaya kuliko mezani.

Kipanya chenyewe

Kipanya kikae jirani na kibodi, kwenye usawa ule ule. Kikiwekwa mbali, nyuma ya daftari, kikombe na kalkuleta, mkono hunyooka na bega hubeba mzigo usio wake. Vitu hivyo ndivyo vihame.

Kipanya kibovu huumiza mkono mzima. Kitufe kinachogoma hufanya kidole kibonyeze kwa nguvu mara tatu kwa kazi ya mara moja. Uchafu ulioganda chini yake hukifanya kikwame, na mshale usipotii mtumiaji hukikaba kipanya bila kujua. Kifutwe kwa kitambaa kikavu, na tundu la mwanga lisafishwe kwa pamba ya masikio. Meza ikiwa ya kioo, vipanya vingi hupotea njia. Karatasi nyeupe au kadibodi ikitandikwa chini, shida hiyo huisha. Kasi ya mshale nayo iongezwe kidogo kwenye mipangilio ya kompyuta, ili mkono usafiri mwendo mfupi.

Kipanya hushikwa kwa ulegevu, vidole vimelala.

Kwa anayeandika barua au kujaza fomu, kibodi inaweza kupunguza safari nyingi za kipanya. Kitufe cha Ctrl pamoja na C hunakili, pamoja na V hubandika, pamoja na S huhifadhi, pamoja na P huchapa. Kitufe cha Tab huhamisha kutoka kisanduku kimoja cha fomu hadi kingine.

Mkono wa kushoto

Kipanya kinaweza kuhamishiwa kushoto kwa baadhi ya saa, na mkono huzoea kidogo kidogo. Nao kifundo chake kisilale ukingoni.

Mapumziko

Mapumziko mafupi ya mara kwa mara hufaa kuliko pumziko moja refu la mchana. Kila baada ya nusu saa mkono uachie kipanya, ushuke pembeni mwa mwili, vidole vifunguliwe na kufungwa taratibu, mabega yazungushwe. Dakika moja inatosha. Kila saa moja mtu asimame, atembee, anywe maji. Kupumzika kwa kushika simu na kuchati kwa kidole gumba si kupumzika. Ni mkono ule ule umebadilishiwa kazi.

Mteja akihimiza, asubiri. Karatasi huongezwa, mashine ya fotokopi hupoa, na aliye kwenye kipanya naye ana haki hiyo.

Mkono una kazi nyingine nyumbani

Mkono unaoshinda kwenye kipanya ndio huo huo unaokamua mashuka, unaosonga ugali, unaokuna nazi na kubeba ndoo. Kukamua nguo nzito ni kubaya mno kwa kifundo kilichoanza kufa ganzi, kwa kuwa hushika, hukaza na husokota kwa wakati mmoja. Siku za kazi nyingi za kompyuta, nguo zikamuliwe na mtu mwingine au zianikwe zikichuruzika. Dereva wa bodaboda anayefanya pia kazi ya steshenari ajue kuwa kukaba mshikio wa pikipiki huongeza tatizo lile lile. Mwenye maumivu akiwa ni mama wa nyumba, familia igawane kazi hizi bila kungoja aseme mara ya pili.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mjamzito hupata ganzi ya mikono kwa urahisi, hasa miezi ya mwisho, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Aitaje ganzi hiyo anapokwenda kliniki. Lakini mikono na uso vikivimba ghafla, kukiwa na kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, hiyo ni dalili ya hatari: aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, isingojwe tarehe ya kliniki. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, mwenye baridi yabisi na aliyewahi kuvunjika kifundo nao wasipuuze ganzi ndogo.

Yasiyofanywa

Mkono wenye ganzi usikandwe kwa maji ya moto. Ngozi iliyokufa ganzi haijui kuwa inaungua, na mtu huja na malengelenge juu ya tatizo la kwanza. Mwenye kisukari ndiye anayeungua zaidi. Kifundo kisichuliwe kwa nguvu, kisivutwe wala kualishwa kwa kushtukiza. Kisifungwe bendeji ya kubana mpaka vidole vivimbe. Dawa za maumivu kama diklofenaki zisimezwe kila siku kwa kununuliwa duka la dawa bila ushauri: huumiza tumbo hadi kutoa damu, huharibu figo, hupandisha presha, na mjamzito hatakiwi kujinunulia. Sindano za maungio zisichomwe mtaani. Ganzi isitafutiwe mchawi. Miezi inayopotea huko ndiyo ambayo misuli ya chini ya kidole gumba hunyauka. Na dawa yoyote itakayotumika, kifundo kikirudi ukingoni kesho yake asubuhi, maumivu nayo yatarudi.

Usiku

Mkono usikunjwe chini ya mto wakati wa kulala.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Ganzi inayomwamsha mtu usiku, ganzi isiyoondoka mchana, vikombe vinavyoponyoka mkononi, vifungo vya shati vinavyoshindikana, na nyama ya chini ya kidole gumba inayobonyea: lolote katika hayo ni la kwenda nalo kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Maumivu yasiyopungua baada ya wiki mbili za kurekebisha kiti na kuacha ukingo nayo ni hivyo hivyo. Kifundo kilichovimba, chenye joto na wekundu, pamoja na homa, kisingoje.

Mkono mmoja ukilegea ghafla pamoja na mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, hicho si kipanya. Inaweza kuwa kiharusi, na mgonjwa akimbizwe hospitali papo hapo. Vivyo hivyo maumivu ya mkono yanayokuja na kubanwa kifua, jasho na kuhema.

Mgonjwa akifika aeleze vidole gani vinakufa ganzi, saa ngapi huzidi, na anashika kipanya kwa muda gani kwa siku. Taarifa hizo humsaidia tabibu kuliko kusema tu kwamba mkono unauma. Tatizo likikamatwa mapema, mara nyingi mgonjwa hupewa banzi la kunyoosha kifundo, linalovaliwa hasa usiku kwa wiki kadhaa, pamoja na mazoezi kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Likiwa limekomaa huenda ikahitajika sindano inayochomwa na daktari, au upasuaji mdogo wa kifundo ambao kwa kawaida haumlazi mgonjwa hospitalini. Misuli iliyonyauka kabisa huenda isirudi hata baada ya upasuaji.

Banzi likivuliwa asubuhi na mtu akirudi kazini, kipanya kiwe tayari kimesogezwa shibiri moja ndani ya meza.