Naye Ana Zamu: Vidokezo 12 kwa Mwalimu wa Darasa Jumuishi

Mwalimu, darasani mwako yumo. Huenda ni binti mwenye ualbino anayekaa dawati la nyuma, akisubiri jirani yake amsomee yaliyo ubaoni. Huenda ni kijana kiziwi anayenakili kila kitu kwa mwandiko mzuri na asielewe hata sentensi moja. Huenda ni yule mwenye usonji ambaye zamu ya kufuta ubao ikizunguka, wenzake humruka bila hata kuulizana. Kwa huruma wanasamehewa maswali, wanasamehewa kufagia, wanasamehewa kila kitu. Miaka inakwenda, shule inaisha, na siku ya kutafuta kazi inawakuta hawajawahi kutegemewa na mtu kwa lolote.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Anayezifikisha haki hizo kwa mtoto ni mwalimu wa darasa. Vidokezo hivi ni vya shule ya kawaida, yenye wanafunzi wengi na chaki ya kubana matumizi. Vyote vinasimama juu ya jambo moja: mtoto anayepewa zamu leo ndiye atakayeaminiwa kazini kesho.

1. Mchunguze kabla hujamwita mzito

Yupo anayeleta daftari hadi puani. Yupo anayegeuza shingo ili akusikie kwa sikio moja. Yupo anayesubiri wenzake wasimame ndipo naye asimame. Wote hao wanakueleza jambo. Mwite kwa jina akiwa amekupa mgongo, uone kama atageuka. Mwambie asome ubao akiwa dawati la mbele, kisha la nyuma. Pengine kinachohitajika ni miwani, au kutibiwa sikio linalotoa usaha. Ukiwa na shaka, zungumza na mzazi, mwelekeze hospitali, na umtaarifu Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako. Kisha andika kwenye karatasi moja mambo matatu: anachoweza, kinachomkwamisha na kinachomsaidia. Karatasi hiyo imfuate kila anapopanda darasa, ili mwalimu mpya asianze upya kubahatisha.

2. Panga upya madawati

Hili halina gharama. Mwenye ualbino akae mbele, dirisha likiwa nyuma yake au ubavuni, kwa sababu mwanga mkali unaompiga usoni humfanya afumbe macho. Kiziwi akae mahali anapouona uso wako wote, nawe usizungumze huku umegeukia ubao. Anayetumia kiti mwendo aachiwe njia ya kutoka mlangoni hadi ubaoni, kisha aitwe ubaoni kama wengine. Mwenye usonji mara nyingi hutulia akiwa mbali na mlango na makelele, na akijua kwamba mahali pake ni palepale kila siku.

Mstarini asubuhi, mwenye ualbino asimame kivulini. Kofia pana na mikono mirefu vihesabiwe kuwa sehemu ya sare yake, na mwalimu wa zamu asimvue kofia. Mafuta ya kukinga jua hutengenezwa hapa nchini pia: Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza yaitwayo Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino.

3. Sema kila unachoandika

“Chukua hii, jumlisha na ile pale” ni sentensi isiyomfikia asiyeona. Sema “chukua saba, jumlisha na nane”, na utashangaa ni wangapi wenye macho mazima wameelewa vizuri zaidi. Wape vitu vya kushika: vizibo vya soda, vijiti, mbegu za ubuyu. Ramani ya Tanzania ichorwe kwa uzi uliobandikwa kwa gundi juu ya boksi, Ziwa Victoria likiwa kipande cha kitambaa laini.

Na nukta nundu isiwe siri ya mwanafunzi mmoja. Kata trei ya mayai ubaki na vishimo sita, safu mbili za vitatu vitatu, kisha tumia vizibo kama nukta. Herufi zote hutokana na nukta hizo sita, na herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nne za juu tu. Watoto hulipokea zoezi hili kama mchezo. Mwisho wa wiki asiyeona atakuwa na wenzake wanaoweza kuandika jina lake.

4. Alama tano kila wiki, kwa darasa zima

Kiziwi akizungukwa na watu sitini wasiojua lugha yake, yuko peke yake hata kama darasa limejaa. Fundisha alama tano kila wiki: habari, njoo, sijaelewa, saidia, asante. Mwaka ukiisha darasa litakuwa na alama za kutosha kuulizana na kutaniana. Mwalimu bora wa Lugha ya Alama ya Tanzania ni kiziwi mtu mzima aliyekulia ndani yake, kwa hiyo wasiliana na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, au mwombe kiziwi wa mtaani kwenu aje saa moja. Kupaza sauti hakusaidii. Picha, maandishi mafupi ubaoni na vitendo vinasaidia.

5. Vunja kazi vipande, anza na cha mwisho

Kwa mwenye ulemavu wa akili, maelekezo matano ya mfululizo ni kelele. Toa moja, subiri limalizike, toa jingine.

Ipo njia nzuri zaidi ambayo walimu wa elimu maalumu huitegemea sana. Tuseme mnafunga karanga kwenye vifuko vya kuuza shuleni. Kazi ina vipande vitano: kuchukua mfuko, kufungua mdomo wake, kumimina vijiko viwili, kukunja, kubana. Fanya vinne wewe, umwachie cha tano. Abane yeye, akabidhi yeye, asifiwe yeye. Akishazoea, mwachie viwili vya mwisho, halafu vitatu, mpaka afike mwanzo. Tofauti na kuanza na kipande cha kwanza, hapa kila siku mtoto anaonja kumaliza, na anayeonja kumaliza hurudi tena kesho kwa hamu. Chora kila kipande kwenye kikaratasi, ubandike mbele yake kwa mpangilio. Siku moja mwajiri wake anaweza kubandika picha kama hizo juu ya meza ya bekari.

6. Pima anachokijua

Kama somo ni historia, kasi ya kalamu isimkoseshe alama. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kujibu kwa mdomo, na mwenye kutetemeka mkono anaweza kuandikiwa. Baraza la Mitihani lina utaratibu wake: karatasi za nukta nundu kwa wasioona, maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada. Utaratibu huo humfikia mtahiniwa ambaye taarifa zake zimejazwa sawasawa wakati wa usajili, kwa hiyo zikague mapema. Na katika majaribio yenu ya ndani mpe masharti yaleyale, ili siku ya mtihani wa taifa asikutane nayo kwa mara ya kwanza.

7. Rafiki msaidizi naye awe wa zamu

Usimtwishe binti mmoja mwema kazi ya kumwongoza mwenzake mwaka mzima. Atachoka, na anayeongozwa atajifunza kutegemea mkono mmoja tu. Badilisheni kila wiki. Fundisha namna ya kusaidia pia: asiyeona hashikwi na kuvutwa, yeye ndiye anayeshika kiwiko cha mwenzake. Kiti mwendo hakisukumwi kabla mwenyewe hajaulizwa.

Kisha angalia upande wa pili: huyu anayesaidiwa, anamsaidia nani? Mwenye kumbukumbu nzuri awasomeshe wenzake mashairi. Mwenye hesabu kali asahihishe. Shule kama Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam zimewasomesha pamoja wanaoona na wasioona kwa miaka mingi, na uhai wa mchanganyiko huo uko katika kupeana.

8. Zamu za shule ndizo kazi yake ya kwanza

Hiki ndicho kiini cha vidokezo vyote. Kugonga kengele, kukusanya madaftari, kumwagilia bustani, kuhesabu sahani za uji, kutunza funguo za stoo: kila zamu inafundisha kitu ambacho mwajiri atakitafuta. Kengele inafundisha saa. Funguo zinafundisha uaminifu. Bustani inafundisha kurudia kazi hata siku isiyo na hamu.

Mpe mwanafunzi mwenye ulemavu zamu halisi, ambayo asipoifanya watu watagundua. Ipange ilingane na uwezo wake: kiziwi hawezi kusubiri kuitwa kwa sauti, lakini anaweza kupewa saa ya mkononi. Akichelewa, muulize kama unavyowauliza wengine. Akifanya vizuri, asifiwe kwa kazi iliyofanyika. Na mfundishe sentensi tatu ambazo mfanyakazi yeyote anazihitaji: “Sijaelewa, nirudie.” “Nimemaliza, nifanye nini sasa?” “Hiki siwezi kukifanya hivi, ila naweza hivi.” Aziseme kwa mdomo, kwa alama au kwa kadi za picha. Watu wazima wengi hupoteza kazi kwa kukosa sentensi hizo hizo.

9. Fundisha chenji, simu na nauli

Anayejua kushona na hawezi kupanda daladala atashona akiwa nyumbani kwao tu. Fanyeni mazoezi ya chenji kwa noti halisi, na asiyeona ajifunze njia yake ya kuzikunja ili azitofautishe. Fundisha kutunza namba ya siri ya pesa za simu, ambayo haitajiwi hata mjomba. Pitieni njia ya kwenda kituoni kwa miguu, kwa fimbo nyeupe, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka aende mwenyewe. Na fundisha bila haya kwamba mwili wake ni wake, anaweza kukataa, na nani wa kumwambia akiguswa vibaya. Watoto hawa huwindwa sana kwa sababu wakosaji huamini kwamba hawatasema.

10. Panua orodha ya kazi

Kwa muda mrefu asiyeona ameelekezwa kwenye vikapu na mikeka, na kiziwi kwenye useremala na cherehani. Ni kazi za heshima, kwa anayezipenda. Siku hizi simu nyingi za Android zina TalkBack inayosoma skrini kwa sauti, na kompyuta inaweza kuwekewa programu ya NVDA bila malipo. Kwa zana hizo asiyeona anaandika barua, anapokea wateja kwa simu, anasoma sheria.

Waonyeshe watu. Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kuwa mbunge mwaka 2010. Dk. Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, aliteuliwa Naibu Waziri mwaka 2015 na baadaye akawa balozi Ujerumani. Halafu tafuta walio karibu zaidi: fundi simu kiziwi wa sokoni, karani anayetumia kiti mwendo. Mwalike aeleze anaamka saa ngapi, analipwaje, na alikwama wapi. Baada ya hapo wapeleke wanafunzi kwenye gereji, bekari na ofisi, na uombe wiki moja ya kujifunza kwa anayevutiwa.

11. Mlete mzazi upande wako

Wapo wanaoficha, na wapo wanaopenda hadi kupitiliza: mtoto wa miaka kumi na minne bado analishwa. Nyuma ya wote wawili kuna hofu, na karipio huizidisha. Mwite mzazi siku mtoto amefanya jambo zuri. Mwonyeshe mwanawe akikabidhi sahani za uji zikiwa zimehesabiwa sawasawa. Kisha mwombe jambo moja tu la nyumbani: kila jioni aoshe vyombo vyake, au aende dukani kununua chumvi. Zamu ya nyumbani ikiungana na ya shuleni, mtoto husogea haraka.

12. Ijue milango, na umsindikize

Usimwache amalize shule akiwa na cheti mkononi tu. Vyuo vya VETA, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na Chuo cha Yombo jijini Dar es Salaam kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ni mahali pa kuuliza mwaka mmoja kabla. Sekondari zenye mkondo wa amali zimeongeza mlango mwingine. Kwa anayetaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa anayetafuta ajira, sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu.

Mwajiri mara nyingi hajui aanzie wapi. Nenda naye kijana, pamoja na ile karatasi ya mambo matatu, mweleze kinachohitajika: taa karibu na meza, maelekezo ya maandishi, kiti kisogezwe. Na kazi ikipatikana, piga simu ndani ya mwezi wa kwanza, ukiweza fika. Hapo ndipo mambo madogo huharibu, msimamizi anayeagiza kwa kupiga kelele au ratiba iliyobadilishwa bila kumwambia, na neno lako moja linaweza kuyatengeneza kabla hajaachishwa.