Python au C++ kwenye mashindano?

Swali: Nimezoea Python, na timu ya chuo chetu inajiandaa kwa ICPC, mashindano ya vyuo ya kuandika programu. Nihamie C++?

Jibu: Hamia, ila Python usiiache. ICPC inaziruhusu zote mbili, pamoja na C, Java na Kotlin. Kikwazo ni kasi: hatua rahisi milioni 100, ambazo C++ huzimaliza kwa takriban sekunde moja au chini yake, Python huzihangaikia kwa sekunde kadhaa, na jibu sahihi likichelewa hukataliwa. Ukija kulitatua swali hilo baadaye, kila jaribio lililokataliwa limeshakuongezea adhabu ya dakika 20. Inauma sana! Kwenye C++, anza kujifunza vector, map na sort. Python itumie penye namba zenye mamia ya tarakimu, maana huzikokotoa yenyewe.