Somo la Nne: Kuitunza Kompyuta ya Biashara Ndogo

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kutambua mambo yanayoharibu kompyuta ya biashara katika mazingira ya Kanda ya Ziwa, kuyazuia kwa gharama ndogo, na kudai haki yake pale anapouziwa kifaa kibovu au kutengenezewa isivyo.

Kuanzia steshenari za Nyegezi zinazohudumia wanafunzi hadi wauzaji wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, kompyuta moja hutunza orodha ya madeni, huandaa ankara na kuhifadhi nyaraka za wateja. Inapoharibika, hasara haiishii kwenye bei ya mashine. Mfanyabiashara asiyejua tena nani anadaiwa kiasi gani huwa amepoteza sehemu ya mtaji wake. Aliye Nansio, Ukerewe, huongeza juu ya hasara hiyo nauli ya kivuko na siku za kumfuata fundi Mwanza mjini.

1. Umeme na radi

Umeme wa gridi nchini hutolewa kwa kiwango cha volti 230. Mara nyingi madhara hutokea umeme unapopanda na kushuka, au unaporejea ghafla baada ya kukatika. Umeme ukikatika, zima soketi ukutani. Ukirudi, subiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha.

Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, yaani kifaa chenye betri kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo, kwani huvuta umeme mwingi inapopata joto na huweza kuilemea. Kila mwezi, hifadhi kazi zako kisha chomoa UPS ukutani huku kompyuta ikiwa inawaka. Kompyuta ikizimika papo hapo, betri imechoka na inapaswa kubadilishwa. Mwenye kompyuta mpakato analindwa na betri yake dhidi ya kukatika kwa umeme, lakini hailindwi dhidi ya umeme uliozidi.

Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na dhoruba zake hupiga sana usiku na alfajiri, wakati duka limefungwa. Kwa hiyo chomoa nyaya kila jioni kabla ya kufunga. Usisahau waya wa mtandao unaotoka kwenye antena ya nje, maana radi hupita humo pia. Dhoruba ikishaanza, usiguse nyaya hizo.

2. Vumbi, maji na wadudu wa ziwani

Wadudu wadogo wanaoruka kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga. Feni ya kompyuta huwavuta ndani pamoja na vumbi, hewa ikakosa njia, na mashine ikapata joto na kuanza kujizima. Funga madirisha au punguza taa wadudu wanapokuja. Kila baada ya miezi mitatu, zima kompyuta, chomoa nyaya, kisha safisha matundu ya hewa kwa brashi laini iliyo kavu. Usifunike mashine kwa kitambaa inapofanya kazi. Iweke juu ya meza, kamwe si sakafuni, hasa kwa maduka yaliyo karibu na Mto Mirongo, ambao hufurika mvua kubwa zinaponyesha.

3. Nakala za akiba

Mashine hununuliwa upya. Orodha ya madeni hainunuliki. Kanuni ya kukumbuka ni 3, 2, 1: kuwa na nakala 3 za kumbukumbu zako, katika vifaa vya aina 2, na nakala 1 ikae mbali na duka. Kwa mfano, nakala ya kwanza iwe ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayokwenda nyumbani kila jioni, na ya tatu kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nywila imara. Usiiache diski ya nje ikiwa imechomekwa muda wote, kwa sababu radi au virusi vitakavyoipata kompyuta vitaipata na diski. Mara moja kwa mwezi, fungua faili moja kutoka kwenye nakala uhakikishe kwamba linasomeka.

4. Virusi na masasisho

Tarehe 12 Mei, 2017, programu hasidi iitwayo WannaCry ilianza kuenea katika nchi nyingi, ikifunga mafaili na kudai malipo. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo Machi mwaka huohuo. Kompyuta zilizokuwa zimesasishwa zilikingwa dhidi ya njia hiyo ya uenezi. Ruhusu basi masasisho, hata kama yanatumia bando. Fahamu pia kwamba masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Uliza jambo hili kabla ya kununua kompyuta iliyotumika.

Katika steshenari, flashi ya mteja ndiyo mlango mkuu wa virusi. Ichunguze kwa antivairasi kabla ya kuifungua. Nakala za vyeti na vitambulisho vya wateja zifutwe kazi inapokwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

5. Kununua na kutengeneza

Dai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi kila ununuapo. Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, toa nakala ya kumbukumbu zako, andika ukubwa wa memori na diski pamoja na namba ya utambulisho wa mashine, kisha mtie saini wote wawili. Utakapoichukua, linganisha mambo hayo mbele yake. Bila karatasi hiyo, ni vigumu kuthibitisha kwamba kifaa kimebadilishwa.

Ukiuziwa bidhaa bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Kifaa kikiharibiwa na hitilafu ya umeme, piga picha, ripoti TANESCO mapema na utunze namba ya taarifa. Usiporidhika na majibu, peleka malalamiko yako EWURA.

Maswali ya kujipima

Je, kompyuta yako ikiungua usiku wa leo, kesho asubuhi utaweza kutaja wadeni wako wote? Nakala yako ya mwisho ni ya lini, nawe uliifungua lini? Kama huna jibu, anza na sehemu ya 3 ya somo hili kabla ya kufunga duka leo.