Mashine Gani kwa Boti la Mpira?

*Nina boti la mpira la mita 2.7, navua karibu na bandari ya Qurayyat. Jamaa ananiuzia mashine ya farasi 15 kwa bei ya kutupa. Nichukue? — Msomaji, Qurayyat*

Asichukue. Boti la urefu huo kwa kawaida hutosheka na farasi 2.5 hadi 4, na kibao cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho kuhusu nguvu na uzito. Mashine ya farasi 15 ya mipigo minne hupita kilo 40: tezi huzama, omo hunyanyuka, upepo ukalipindua boti.

Bei ikimtoa macho, atasahau mguu wa mashine. Apime ubao wa tezi: sentimita 38 hivi ni mguu mfupi, 51 mrefu. Bapa lililo juu ya rafadha likae sentimita 2 hadi 5 chini ya sakafu ya boti. Likipanda, rafadha hunyonya hewa na mashine hunguruma bure.

Akipata mashine inayofaa, aifunge katikati ya ubao, akaze skrubu kwa mkono, aifunge kwa kamba ya akiba, kisha akaze tena baada ya mwendo mfupi, maana mtikisiko huzilegeza. Kamba ya kuzimia mashine aivae mkononi.

Ubao ukicheza au gundi ikiachia, hiyo ni kazi ya fundi. Maji ya kupozea yakikoma kutoka, azime papo hapo.