Usimtupie Mbwa Ini Lenye Mifuko ya Maji

Ndugu mfugaji, bila shaka umewahi kuchinja mbuzi au kondoo ukakuta mifuko myeupe yenye maji kwenye ini au mapafu. Wengi hukata sehemu hiyo na kumtupia mbwa. Hapo ndipo ugonjwa unapoanza safari ya kumrudia mwanao.

Mifuko hiyo ni nini?

Ndani yake mna watoto wa tegu, mnyoo bapa anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa akila mifuko hiyo mbichi, watoto hao hukua na kuwa tegu kamili. Ni wadogo sana, hawafiki sentimita 1. Mbwa anaweza kubeba maelfu na bado akawa mnene, akibweka na kulinda boma kama kawaida.

Baada ya wiki 6 hivi, mayai huanza kutoka na kinyesi chake. Hubaki kwenye udongo, majani, maji na manyoya ya mbwa. Mifugo huyala malishoni, na mtu huyameza kwa mikono michafu, maji au chakula. Kula nyama hakuleti ugonjwa huu. Unaletwa na mayai yatokayo kwa mbwa.

Mtu akiambukizwa

Mfuko wa maji huota ndani ya mwili wake, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Hukua polepole kwa miaka bila maumivu. Baadaye tumbo huvimba, au mtu hukohoa na kuumwa kifua. Kule Turkana, Kenya, ugonjwa huu umewasumbua wafugaji kwa muda mrefu.

Ukiona uvimbe wa tumbo usioisha, usichanje, usichome kwa moto, usitoboe. Mfuko ukipasuka ndani unaweza kumuua mgonjwa au kuzaa mifuko mingine. Mpeleke hospitali apigwe picha ya tumbo, kama ile wanayopimwa akina mama wajawazito. Kuna dawa za kumeza na kuna upasuaji. Daktari ndiye atakayeamua.

Fanya haya nyumbani

1. Siku ya kuchinja, funga mbwa wote kwanza.
2. Ini au pafu lenye mifuko lichome hadi liwe majivu, au lizike kwenye shimo refu na uweke mawe na miiba juu. Ukitaka mbwa ale, lichemshe kwa nusu saa maji yakitokota.
3. Mzoga wa mnyama aliyefia malishoni usiwaachie mbwa.
4. Wape mbwa wote dawa ya prazikwanteli kila wiki 6. Ukishindwa, angalau kila miezi 3. Sindano ya aivamektini unayowachoma ng'ombe haimuui tegu. Kwa siku 3 baada ya dawa, wafunge mbwa na uzike kinyesi chao.
5. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kumshika mbwa. Usimwache mbwa arambe mtoto wala vyombo.

Mbwa ni mlinzi wako, huna haja ya kumfukuza. Zungumza na majirani mfanye pamoja, maana mbwa wa boma moja hula kwenye boma jingine. Kwa dawa na kipimo sahihi kwa uzito wa mbwa, mwone afisa mifugo wa eneo lako.