Ugonjwa wa Takayasu: Mapigo Yanapopotea Mkononi

Mwaka 1908 daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke wa miaka 21 ambaye mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho lake ilikuwa imeungana mithili ya taji. Katika mkutano huohuo Onishi na Kagoshima walitaja wagonjwa waliofanana naye, ila hao hawakuwa na mapigo kwenye vifundo vya mikono. Mkono wa namna hiyo ulikwisha kuandikwa na William Savory wa London mwaka 1856. Ni uhusiano wake na jicho ndio uliokuwa mgeni.

Baadaye ilibainika kwamba jicho ni shahidi tu. Kinachougua ni aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, pamoja na matawi yake. Kuta zake hupatwa na mchochota, hunenepa, na njia ya damu husinyaa. Mwaka 1951 Shimizu na Sano waliuelezea kwa kina na kuuita ugonjwa usio na mapigo.

Kifua kikuu kilishukiwa kwa muda mrefu kuwa chanzo, lakini haikuthibitika. Hata hivyo, mashaka hayo ya kale hayapuuzwi Mbeya na Iringa. Prednisoloni, dawa inayotuliza mchochota, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Na katika utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima mkoani Iringa walikuwa na VVU. Kwa hiyo vipimo vya kifua kikuu na VVU hutangulia dawa, na cha kaswende vilevile, kwani nayo huharibu aota.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika kipimo cha kila siku. Mwanamke kijana afikapo zahanati ya Mufindi au Rungwe, mkono ambao mshipa wake umesinyaa huonyesha shinikizo la kawaida, ilhali moyo na ubongo vinabeba shinikizo kali, hasa ikiwa mshipa wa figo nao umeziba. Mashine ikishindwa kusoma, mara nyingi hulaumiwa betri. Vigezo vya Marekani vya 1990 vilihesabu tofauti inayozidi milimita 10 za zebaki kati ya mikono miwili kuwa dalili mojawapo. Mgonjwa wa umri huo apimwe mikono yote miwili, apapaswe mapigo, na kipimo kikubwa zaidi ndicho kiandikwe katika barua ya rufaa, pamoja na jina la mkono uliotoa kila kipimo.